Karatasi ya Lishe Peke Yake Haitoshi

Leo nimekuja na suala la unene, na naomba tangu mwanzo tuelewane ni unene upi. Kitambi cha kuongeza tundu moja kwenye mkanda tukiweke kando, na zile kilo mbili tatu za baada ya sikukuu tuziweke kando pia. Nazungumzia unene wa kupindukia. Mtu anashindwa kuinama kufunga kamba za viatu, anashtuka usiku akitafuta pumzi, akipanda ghorofa ya kwanza lazima apumzike njiani, na magoti yanaanza kumuuma kabla hajatoka nyumbani.

Madaktari wana hesabu yao. Huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Jibu likifika 30, huo ni unene wa kiwango cha ugonjwa. Likifika 40, mtu yuko daraja la juu kabisa. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 anaingia daraja hilo akiwa na kilo 103 hivi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni moja walikuwa wanaishi na unene wa kiwango cha ugonjwa, na sisi Afrika Mashariki hatukuachwa nyuma. Tafiti za kitaifa za mwaka huo huo zilionyesha kuwa Tanzania zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi, na Kenya wanakaribia nusu. Wengi wao hawajafika daraja hilo la juu, lakini safari yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa twende kliniki. Mama wa kilo 130 amekuja kwa sababu ya presha. Mizani ya chumba cha mapokezi inaishia kilo 120, mshale unagonga mwisho na kubaki pale. Mkanda wa mashine ya presha haumzunguki mkono vizuri, unavutwavutwa mpaka ushike, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo kabla hata hajakaa mbele ya daktari, hajapimwa sawasawa. Akiingia anaambiwa apunguze ugali, aache mafuta, afanye mazoezi, arudi baada ya miezi mitatu. Anapewa karatasi yenye orodha ya vyakula. Anaikunja, anaitia kwenye mkoba, anaondoka. Miezi mitatu ikifika kilo zimeongezeka mbili, anaona haya kurudi, na faili lake linaandikwa kwamba hafuati masharti.

Hapo ndipo ninapotaka kuweka neno langu la leo. Unene wa kupindukia unatibiwa kwa chakula, mazoezi na msaada wa kisaikolojia, vyote vitatu vikienda pamoja, kwa muda mrefu, chini ya watu wanaomjua mgonjwa kwa jina. Ukitoa kimoja, vingine viwili haviendi mbali. Na kwetu kinachotolewa siku zote ni kile cha tatu, msaada wa moyo na akili.

Kwanza tumwondolee mgonjwa lawama ambayo si yake. Mwili wa binadamu umeumbwa kuogopa njaa. Mwaka 1994, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakiongozwa na Jeffrey Friedman, waligundua homoni inayoitwa leptini. Inatoka kwenye mafuta ya mwili wenyewe na kuupa ubongo habari za akiba iliyopo. Mafuta yakipungua, leptini nayo inapungua, na ubongo unasoma hilo kama hatari, unaamrisha njaa. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha habari za watu 50 waliowekwa kwenye mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi mahali pake, na watu hao walikuwa bado wanasikia njaa kuliko kabla hawajaanza.

Kuna pia habari ya shindano la televisheni la Marekani liitwalo The Biggest Loser, ambalo washiriki wake walifanyishwa mazoezi kutwa nzima na kunyimwa chakula mbele ya kamera. Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia 14 kati yao na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Kwa wastani walikuwa wamepoteza kilo 58. Miaka sita baadaye kilo 41 kati ya hizo zilikuwa zimesharudi, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa inatumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Watu wale walijituma kuliko wengi wetu tutakavyowahi kujituma. Kwa hiyo tukimwona jirani amepungua kisha amerudi palepale, tusiharakishe kumwita mlafi au mvivu.

Kuhusu chakula nitasema machache, maana mengi mmeshayasikia hapa hapa. Mgonjwa wa kilo 130 akishindishwa njaa anapoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli ndiyo inayomsimamisha. Anahitaji protini kila mlo: maharage, dagaa, samaki, mayai, kunde. Anahitaji mboga nyingi na dona badala ya sembe, kwa sababu makapi yanakaa tumboni na kuchelewesha njaa. Maadui wakubwa ni wawili, na wote hawaonekani kama chakula. Wa kwanza ni kinywaji kitamu: soda ya nusu lita ina sukari ya vijiko vya chai zaidi ya kumi, na bado mtu atakula kama hakunywa kitu. Wa pili ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120. Simama kwenye kibanda cha chipsi uangalie mafuta yanavyomiminwa kwenye chipsi mayai moja tu, utaelewa. Jambo la kuangalia sana ni nani anayepika nyumbani na nani anayepakua. Baba mwenye unene wa kupindukia hawezi kubadilisha mlo wake peke yake kama sinia ni moja na watu ni saba. Mtaalamu wa lishe asiyemwita mke, au dada wa kazi, au mama mkwe kwenye kikao kimoja tu, ameongea na mtu asiyeshika mwiko.

Mazoezi nayo yanahitaji kuelezwa vizuri, kwa sababu tumeyapa kazi isiyo yake. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo tu. Kazi yake kubwa ni kulinda misuli, kushusha sukari na presha, kuleta usingizi na kumchangamsha mtu. Yana kazi nyingine iliyoonekana wazi huko Copenhagen, Denmark, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021: watu 195 walipunguzwa uzito kwa mlo wa wiki nane, wakashuka kilo 13 kwa wastani, kisha wakagawanywa. Baada ya mwaka mmoja, waliofanya vizuri kuliko wote ni wale waliopewa dawa pamoja na programu ya mazoezi. Yaani mazoezi hung'ara zaidi wakati wa kulinda kilichopatikana.

Lakini mtu mzito hatumwamrishi akakimbie. Kila kilo moja anayopunguza mtu inayaondolea magoti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua, jambo lililopimwa kwa wazee wenye maumivu ya magoti huko Marekani mwaka 2005. Geuza hesabu hiyo uone kilo 50 za ziada zinayafanyia nini magoti. Huyu aanze na kiti. Akae, asimame bila kushika, akae tena, mara tano asubuhi na mara tano jioni. Wiki ijayo aongeze. Atembee mpaka duka la pili, akitulia kila anapohitaji. Walio pwani wana bahari, na maji ya kifuani hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mtu, kwa hiyo kutembea ndani ya maji ni zoezi zuri sana kwake. Akina mama watasema wanaona aibu kuingia baharini mchana watu wakiwatazama. Ninawaelewa, na aibu hiyo inatuingiza kwenye sehemu iliyonileta leo.

Mwaka 1985, katika mji wa San Diego, California, daktari Vincent Felitti alikuwa anaongoza kliniki ya unene chini ya taasisi ya Kaiser Permanente. Programu yake ilikuwa inafanya kazi. Watu walikuwa wanapungua kilo nyingi mno. Kilichomsumbua ni kwamba wagonjwa wengi walikuwa wanaacha katikati, na walioacha walikuwa hasa wale wanaofanikiwa. Mwanamke mmoja kijana alifika akiwa na kilo 185, na kwa muda usiotimia mwaka alishuka hadi kilo 60. Kisha ndani ya wiki tatu akarudisha kilo 17. Hilo ni jambo ambalo daktari hakudhani mwili unaweza kulifanya. Alipombana kwa upole, msichana alieleza kwamba anakula usiku akiwa usingizini. Akaulizwa ni nini kilitokea siku hizo. Akasema kuna mwanamume kazini, mkubwa kwake kwa umri na mwenye mke, alikuwa amemtongoza. Baadaye ikajitokeza historia nzima: alikuwa ameingiliwa na babu yake tangu utotoni.

Felitti alianza kuwauliza wagonjwa wengine, mmoja mmoja, wakafika 286. Wengi wao walikuwa wametendewa ukatili wa kingono wakiwa watoto. Kutokana na kliniki ile ulizaliwa utafiti mkubwa alioufanya pamoja na Robert Anda, ukahusisha watu zaidi ya 17,000, na matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 1998. Ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mateso mengi zaidi utotoni, kupigwa, kudhalilishwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi, ndivyo hatari ya magonjwa ya ukubwani inavyoongezeka, unene wa kupindukia ukiwemo.

Sisemi kwamba kila mtu mnene aliumizwa utotoni. Wapo waliolelewa kwa upendo wote, na unene wao umetokana na urithi, dawa wanazotumia, kazi ya kukaa kutwa, au chakula tu. Lakini somo la San Diego ni kubwa: kwa baadhi ya watu uzito una kazi unayoifanya. Kwa yule msichana ulikuwa unamkinga na macho ya wanaume. Kilo zilipoondoka, kinga ikaondoka nayo, akabaki na hofu ileile ya utotoni bila pa kujificha. Hata ungempa karatasi mia za lishe, asingepona mpaka kwanza mtu amuulize, na amsikilize.

Na kwetu uzito una kazi zake pia. Mtu akinenepa kwetu anaambiwa amenawiri, ndoa imemkubali. Akipungua kidogo minong'ono inaanza: ana nini yule? Miaka ya UKIMWI ilitufundisha kuogopa wembamba, na hofu ile bado ipo. Wapo wanawake wanaoanza kupungua vizuri, wanafika kilo ya kumi, wanasikia majirani wanasema ana ngoma, wanarudi kwenye chapati na chai ya maziwa mpaka mashavu yajae. Mwingine anajua kwamba mume wake akimwona anapungua atauliza anajipendezesha kwa ajili ya nani. Mwingine amefiwa, na tangu arobaini ipite chakula cha usiku ndicho kinachomshika mkono. Hayo yote hayaonekani kwenye mizani.

Halafu jamii hiyo hiyo inayosifia kunawiri, mtu akipitiliza inamgeuka. Kondakta anamwambia alipe nauli ya watu wawili. Watoto wanamwita bonge. Muuguzi anamkemea mbele ya wagonjwa wengine. Wapo wanaoamini kwamba kumtia mtu aibu kutamfanya apungue. Tafiti zinaonyesha kinyume chake: anayedhihakiwa kwa mwili wake hula zaidi, hukwepa mazoezi ya hadharani na huchelewa kwenda hospitali. Nawaomba sana watumishi wa afya walichukue hili kwa uzito. Maneno yenu ni sehemu ya tiba, au ni sehemu ya ugonjwa.

Msaada wa kisaikolojia ninaousema una kazi za kufanya, za kila siku. Moja ni daftari. Mgonjwa anaandika alichokula, saa ngapi, alikuwa na nani, na moyoni alikuwa anajisikiaje. Chukueni mfano wa ukurasa mmoja: saa mbili asubuhi, chai kavu, niko mbioni. Saa saba, sijala, sina njaa. Saa nne usiku, chipsi na soda, kisha mkate nusu, niko peke yangu, nimetoka kuongea na kaka kuhusu shamba la baba. Ukurasa kama huo ukirudiwa wiki mbili, mshauri na mgonjwa wanaona pamoja kwamba tatizo halikuwa ugali wa mchana. Tatizo ni njaa ya kutwa nzima ikikutana na hasira ya usiku. Hapo kuna kitu cha kushika: kula mchana, na kuwa na jambo la kufanya na mtu wa kumpigia inapofika saa nne. Wapo pia wenye ugonjwa wa kula bila kujizuia, chakula kingi mno kwa muda mfupi, kwa siri, kisha majuto. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautambua kama ugonjwa kamili, na tiba ya mazungumzo inausaidia. Mtu wa aina hii ukimpa mlo mkali wa kujinyima unamzidishia.

Je, mambo haya matatu yakiunganishwa yanaleta nini? Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 waliokuwa na uzito uliozidi na sukari iliyoanza kupanda. Kundi moja lilipewa mshauri wake wa kudumu, masomo 16 ya ana kwa ana, mlo uliopunguzwa na dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Kwenye masomo hayo kulikuwa na namna ya kuyajibu mawazo ya kukata tamaa na namna ya kuinuka mtu anapoteleza. Kundi hilo lilipungua kilo chini ya sita kwa wastani. Hata hivyo idadi ya waliopata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa ya metfomini walishuka kwa asilimia 31. Kumbukeni hilo mtu anapokuja kuwaambia kwamba kilo sita si kitu.

Najua pia kwamba wapo wanaonisikiliza ambao wamefikiria upasuaji, au lile puto la tumboni linalowekwa katika hospitali ya Mloganzila, au sindano za kupunguza hamu ya kula. Siwakatazi. Kwa mwenye unene wa kupindukia, upasuaji unaweza kuokoa maisha, na daktari bingwa ndiye wa kuamua naye. Lakini puto lina muda wake, kisha linatolewa. Na watu waliotumia sindano za semaglutide kisha wakaziacha, kwenye utafiti walirudisha theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza ndani ya mwaka mmoja. Vifaa na dawa hivi vinampa mtu nafasi ya kupumua. Cha kufanya ndani ya nafasi hiyo ni kile kile: chakula, mwili na moyo. Chai za kukata tumbo zinazouzwa mitandaoni ni habari nyingine. Nyingi kazi yake ni kuharisha. Unachopoteza ni maji, na figo zako ndizo zinazolipa.

Najua swali linalokuja: wanasaikolojia wako wapi? Ni wachache, kweli, na wengi wako mijini. Lakini tuwatazame wenzetu wa Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Harare kuwafundisha akina bibi wa mitaani kusikiliza na kusaidia watu kutatua matatizo yao, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Mwaka 2016 utafiti wa watu 573 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu ya sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi lile halikuanzishwa kwa ajili ya unene. Linathibitisha tu kwamba kusikiliza kitaalamu kunaweza kufundishwa kwa watu tulio nao. Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tuna kliniki za kisukari ambako wagonjwa hukaa foleni asubuhi nzima wakitazama ukuta. Tuna vikoba ambako akina mama hukutana kila wiki na kuaminiana kwa fedha zao. Kikundi cha watu kumi wenye uzito mkubwa, kinachokutana kila wiki, kinatembea pamoja nusu saa, kinapitia daftari, kinaongozwa na muuguzi aliyefundishwa, hakihitaji jengo jipya.

Ninawaomba waganga wakuu wa wilaya na wakuu wa vituo vya afya mfanye mambo haya mwaka huu: nunueni mizani inayopima hadi kilo 200 na mkanda mpana wa presha, mpeni muuguzi mmoja wa kila kliniki ya kisukari mafunzo ya ushauri nasaha, na mgonjwa mwenye unene wa kupindukia aonwe kila wiki mbili kwa miezi sita ya mwanzo, si kila miezi mitatu. Na wewe msikilizaji uliyeacha kliniki kwa sababu ya aibu, rudi. Nenda na mtu mmoja unayemwamini, nenda na daftari lenye kurasa za wiki moja, na daktari akianza na ugali, mwombe kwa heshima aanze na ukurasa wa usiku.